Nauli ya Msiba

Kama unayo tiketi ya ndege karibu, hata ile ya mwaka jana iliyobaki kwenye simu, ifungue tuitazame pamoja. Ruka jina lako, ruka tarehe na saa ya kuondoka. Jirani na namba ya ndege utaona herufi moja imesimama peke yake: labda Y, labda M, K, Q au T. Wengi wetu huipita tukidhani ni alama ya karani. Kumbe hiyo ndiyo inayosema ulinunua nauli ya ngazi gani, na kama safari ikiahirika utarudishiwa chochote au utapewa pole.

Tumezoea kusema ndege ina madaraja mawili, la biashara mbele na la kawaida nyuma. Hayo ni madaraja ya viti. Madaraja ya nauli ni mengi zaidi. Lile la kawaida peke yake, ambalo wote mnapewa karanga zilezile na magoti yenu yanasugua kiti cha mbele kwa namna ileile, ofisi ya kampuni inaweza kuligawa katika ngazi kumi na zaidi, kila ngazi na herufi yake. Y kwa desturi ndiyo ya juu kabisa: nauli kamili, masharti machache. Chini yake zinapangwa nyingine, kila kampuni kwa utaratibu wake, mpaka unafika ile ya mwisho yenye bei nafuu na masharti tele.

Twende kwa mfano. Hizi ndege za mapangaboi aina ya Q400 zinazokwenda mikoani zinabeba abiria 76. Tuseme 70 kati yao ni wa daraja la kawaida, na safari ni ya Dar es Salaam kwenda Mwanza. Bei nitakazotaja ni za kuelezea tu, usiende nazo dirishani ukagombana na watu. Kampuni inasema: viti kumi vya kwanza tutauza kwa 150,000. Vikiisha, kumi na tano vinavyofuata ni 200,000. Kisha 260,000, kisha 320,000, na vya mwisho kabisa ni 400,000. Ndege ni moja, rubani ni mmoja, mafuta ni yaleyale. Kinachobadilika ni siku uliyofika dirishani, na nani alikutangulia.

Sasa mchungulie wakala wa tiketi pale Mtaa wa Samora. Kwenye kioo cha kompyuta yake hakuna picha ya ndege. Kuna mstari kama huu: Y9, B9, M9, K4, Q2, T0. Namba inayofuata herufi ni viti vilivyobaki kuuzwa katika ngazi hiyo. Tisa maana yake ni tisa au zaidi, kwa sababu mfumo hauonyeshi zaidi ya hapo. T0 maana yake ngazi ya bei ya chini imefungwa, hata kama nusu ya ndege bado haina mtu. Ndiyo maana unaweza kununua kwa bei kubwa, ukaingia ndani ukakuta viti vitupu kibao, ukabaki unashangaa.

Hapo hapo kwenye Q2 ndipo familia nyingi huumia bila kujua. Baba anaingia mtandaoni kutafuta tiketi nne: yeye, mama na watoto wawili. Mfumo unatafuta ngazi moja yenye nafasi nne. Q ina mbili tu, haitoshi, kwa hiyo unapanda mpaka K na kuwatoza wote wanne bei ya K. Angetafuta mbili kwanza, angepata mbili za Q, kisha mbili za K. Ukifanya hivyo, mwombe wakala aziunganishe hizo tiketi kwa maelezo, maana ndege ikibadilishwa msije mkajikuta baba na mtoto mmoja wanaondoka asubuhi, mama na mwingine jioni.

Na ile imani kwamba ukitafuta nauli mara nyingi mtandao unakujua na kukupandishia? Mara nyingi kilichotokea ni kitu chepesi kuliko hicho. Wakati wewe unajishauri kati ya asubuhi na jioni, mtu mwingine amenunua kile kiti cha mwisho cha Q.

Nani hasa hupanga mambo haya? Kila kampuni kubwa ina kitengo cha kusimamia mapato. Wale watu hawajawahi kukuona, lakini wanajua tabia yako. Wanazo kumbukumbu za miaka: ndege ya Jumatatu alfajiri hujaza watu wa mikutano, ya Jumamosi mchana husuasua. Wanajua kwamba wiki moja kabla ya Krismasi Wachaga wanarudi nyumbani, kwa hiyo ndege za Dar kwenda Kilimanjaro zitajaa na ngazi za chini zitafungwa mapema. Ndege hiyohiyo inaporudi Dar siku hiyohiyo haina watu, na nauli yake inaweza kuwa nusu. Baada ya mwaka mpya mambo yanageuka.

Haikuwa hivi siku zote. Ukipanda basi la Mwanza pale Stendi ya Magufuli, nauli yako ina kikomo kilichowekwa na LATRA, na wenye mabasi wakizidisha Desemba wanajua watashukiwa. Ndege haina kikomo hicho, ni soko. Lakini Marekani, ambako soko hili lilianzia, nayo ilikuwa na mamlaka ya kupanga nauli za ndege. Iliitwa Civil Aeronautics Board, chimbuko lake ni sheria ya 1938, na ndiyo iliyoamua nani aruke wapi na atoze kiasi gani. Kampuni hazikuweza kushindana kwa bei, zikashindana kwa mlo na sare za wahudumu. Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter akasaini sheria ya kulegeza udhibiti huo, na mwanzoni mwa 1985 mamlaka yenyewe ikafungwa.

Mlango ulipofunguka, 1981 ikaingia kampuni mpya, PeopleExpress ya Donald Burr, kutoka uwanja wa Newark, jirani na New York. Nauli zake zilikuwa za chini na nyepesi kueleweka: moja ya saa zenye watu wengi, nyingine ya saa zenye watu wachache. Begi unalilipia, kahawa unailipia, hata tiketi unailipia ukiwa ndani ya ndege. Wanafunzi na wazee wastaafu waliokuwa wakisafiri kwa basi wakahamia angani.

American Airlines, chini ya Robert Crandall, haikuweza kumfuata Burr kwa kila kiti, kwa sababu gharama zake zilikuwa kubwa mno. Januari 1985 ikaja na mbinu. Ilitangaza nauli za chini kama za Burr, ila kwa baadhi tu ya viti, na kwa masharti: ununue mapema, tena ulale uendako usiku wa Jumamosi. Sharti la Jumamosi lilikuwa chujio. Mfanyabiashara anataka Ijumaa jioni awe kwake. Anayekwenda kumwona shangazi haoni tabu kukaa mpaka Jumapili. Kompyuta zikawa zinapiga hesabu viti vingapi apewe mpwa wa shangazi kwa bei ya Burr, na vingapi vimsubiri mfanyabiashara kwa bei ya zamani. Mwaka 1986 PeopleExpress ikauzwa, na mapema 1987 ikamezwa na Continental, jina likapotea. Burr mwenyewe alikuja kukiri kwamba kukosa mfumo wa namna ile ndiko kulikomwangusha.

Msingi wa hesabu yenyewe ulikuwa umeshaandikwa 1972 na Ken Littlewood wa BOAC, shirika la Uingereza lililokuja kuwa sehemu ya British Airways. Ni hesabu fupi, hata sisi tunaiweza. Umebakiwa na kiti kimoja. Mbele yako amesimama mtu ana 150,000 mkononi. Ukimkatalia, huenda kabla ya safari akaja wa 400,000, na huenda asije. Littlewood anasema gawanya 150 kwa 400, unapata asilimia 37 na nusu. Ukiona uwezekano wa yule wa 400,000 kuja unazidi hapo, funga ngazi ya chini, kiti kisubiri. Ukiwa chini ya hapo, chukua pesa iliyo mkononi. Kwa kiti kimoja hesabu ni hiyo tu. Kompyuta za leo huirudia kwa kila ndege, kila siku, kwa safari za miezi mingi ijayo.

Mchuuzi wa samaki pale Feri angeishangaa biashara hii. Changu wake wa asubuhi ana bei, wa saa saba mchana ana bei nyingine, na jua likianza kushuka anakuita mwenyewe, mama, njoo tuelewane. Kiti cha ndege nacho huoza: mlango ukishafungwa, kiti kitupu hakiuzwi tena mpaka dunia iishe. Mbona basi kampuni haishushi bei jioni ya mwisho? Kwa sababu mbili. Kwanza, ikizoea kushusha dakika za mwisho, sote tutajifunza kusubiri, na hakuna atakayenunua mapema. Pili, na hii ndiyo sababu kubwa, kampuni inaamini kwamba anayekuja siku ya mwisho hana njia nyingine. Lazima asafiri. Na mtu ambaye lazima asafiri hajadili bei.

Hapa ndipo ninapotaka tutulie, msikilizaji. Mfumo mzima umejengwa juu ya dhana moja, kwamba anayechelewa kununua ni mtu mwenye uwezo. Ni mkurugenzi aliyeitwa kikao cha ghafla, ni mwanasheria anayefuata kesi, na tiketi inalipwa na ofisi. Kwa Marekani ya Crandall dhana hiyo ilikuwa na mantiki. Anayepanga likizo yake mapema anasaka unafuu, anayekuja mbio amelipiwa.

Kwetu igeuze hiyo dhana uone. Nani anayeweza kununua tiketi mapema, tuseme siku 21 kabla? Ni yule ambaye pesa ya mwezi ujao tayari anayo leo. Mwenye mshahara wa kukimbizana na tarehe, ambaye Januari ada ya shule imempitia kama mafuriko, hana pesa ya kulaza mwezi mzima ndani ya tiketi isiyorudishwa. Anasubiri mpaka ipatikane, na ikipatikana Q imeshafungwa. Kwa hiyo ile bei nafuu, inayotangazwa kwa herufi kubwa kwenye mabango, mara nyingi humwendea mwenye nafasi, na bei ya juu humwangukia aliyebanwa.

Na aliyebanwa kuliko wote ni mfiwa. Simu inalia saa tano usiku: mama amefariki Mwanza, mazishi kesho kutwa. Kama ni Waislamu, huenda ni kesho baada ya adhuhuri. Hakuna aliyewahi kupanga msiba siku 21 kabla. Basi ni mwendo wa kutwa nzima, na kwa mazishi ya kesho litafika kaburi limeshafukiwa. Imebaki ndege, na kwenye kioo cha wakala imebaki Y. Kinachofuata unakijua. Kundi la WhatsApp la ukoo linaamka. Mjomba anaweka 20,000, binamu wa Arusha 20,000, jirani wa Tabata 20,000, wenzake wa kazini wanachangishana. Watu ishirini wa 20,000 ndiyo 400,000 ya Y. Mashine ya mapato inarekodi kwamba imempata abiria mmoja mwenye uwezo. Haijui kwamba imewatoza watu ishirini, tena usiku wa kilio.

Sisemi kampuni zina roho mbaya. Mashine haina macho ya kutofautisha mkurugenzi na mfiwa. Wote wamekuja jana kwa safari ya leo, wote wanataka ndege ya kwanza. Ila kutojua kwa mashine hakumzuii binadamu kuweka utaratibu, na wengine waliwahi kuuweka. Kampuni kadhaa za Amerika Kaskazini zilikuwa na nauli maalumu za wafiwa. American na United waliziondoa mwaka 2014. Delta na Air Canada waliendelea nazo.

Na kwa Air Canada kuna kisa cha kufundisha. Novemba 2022 abiria mmoja alifiwa na bibi yake, akataka kwenda Toronto. Aliuliza roboti ya kujibu wateja kwenye tovuti ya kampuni, nayo ikamwambia anunue tiketi ya kawaida, kisha aombe punguzo la msiba ndani ya siku 90. Akafanya hivyo. Kampuni ikakataa, ikasema punguzo huombwa kabla ya safari. Mbele ya baraza la usuluhishi la British Columbia ilijitetea kwamba roboti ile inawajibika kwa maneno yake yenyewe. Februari 2024 baraza likaukataa utetezi huo na kuamuru alipwe takriban dola 650 za Kanada, pamoja na riba na gharama. Kampuni yenye nauli ya msiba kwenye vitabu vyake ilihitaji kuamriwa ndipo imlipe mfiwa.

Kuna watakaosema dawa ni ushindani, na wana hoja. Tuliuonja. Novemba 2012 Fastjet ilianza safari za Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro ikitangaza nauli ya kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi, na watu wengi wakapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani. Mwishoni mwa 2018 ilikuwa imeondoka. Lakini hata Fastjet ilikuwa na ngazi: 32,000 ilikuwa ya aliyewahi, na aliyechelewa alilipa zaidi. Ushindani hushusha ngazi nzima, haumhamishi mfiwa kutoka ngazi ya juu.

Na mambo yanazidi kwenda mbele. Herufi za alfabeti ya Kiingereza ni 26 tu, kwa hiyo kampuni kubwa za nje zimeanza kupanga bei zisizofungwa na herufi, kompyuta ikitaja nauli yoyote iliyo katikati ya ngazi mbili. Mwaka 2025 Delta ilisema sehemu ndogo ya nauli zake za ndani ya Marekani inapangwa kwa msaada wa akili bandia, na kwamba inakusudia kuongeza. Maseneta wakaja juu kuuliza kama kila abiria atapangiwa bei yake. Kampuni ikakana. Swali hilo litafika kwetu pia, na ni afadhali litukute tumeshasema tunachotaka.

Mimi napendekeza hivi. Katika kila ndege ya ndani, kampuni iweke viti viwili vya wafiwa, kwa bei ya ngazi ya chini, visifungwe mpaka saa sita kabla ya kuondoka. Mfiwa aje na kibali cha mazishi au barua ya serikali ya mtaa, na kama karatasi bado, ailete ndani ya wiki moja, la sivyo adaiwe tofauti. Aliyejitungia msiba atakuwa amejitia mkosi mwenyewe, na jina lake lizuiwe asirudie. Muda huo ukifika bila mfiwa, viti viuzwe kwa Y kama kawaida. Kwa mfano wetu wa leo, kampuni inapoteza 250,000 kwa kila kiti, laki tano kwa ndege nzima, na hiyo ni pale tu ndege inapojaa na wafiwa wote wawili wakatokea. Hesabu ya Littlewood inaweza kulibeba hilo bila kutoka jasho.

Mpaka hapo watakaposikia, tumia unachokijua. Ukifika kwa wakala, usiulize bei peke yake. Uliza ni ngazi gani, inabeba kilo ngapi, kubadili tarehe ni shilingi ngapi, na nisipotokea inakuwaje. Kama ni tiketi ya kwenda na kurudi, ukiacha safari ya kwanza, ile ya kurudi mara nyingi hufutwa yenyewe. Mwombe akushikilie nafasi bila kulipa, mwulize ina muda gani kabla haijaachiwa, ndipo ukatafute pesa. Tiketi ikiharibika kabisa, dai kodi na ada za uwanja, kwa sababu mara nyingi hizo hurudishwa hata nauli yenyewe ikipotea, ila kampuni haikuiti kukukumbusha. Na simu ya usiku ikija, kabla kundi la ukoo halijaanza kuchanga, mmoja wenu apige ofisi ya kampuni na aseme wazi: ni msiba, mna nauli gani? Wakisema hawana, waambieni waandike kwamba mmeuliza. Ofisi zile zinafuata takwimu, na mpaka leo katika takwimu zao mfiwa hayumo.